Mwili Ulioachishwa Kazi
(Mazungumzo ya Kamati, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya mazoezi ya mwili. Wapo watakaocheka, kwani kwenye foleni ya posho tunasikia kila mara: mazoezi ni ya walioshiba. Neno hilo si la kipuuzi, tutalijibu.

Kule Fizi na Uvira hatukujua mazoezi, lakini pia hatukukaa. Mtu alipanda mlima na jembe begani, alivuta nyavu ziwani, alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi. Tangu kambi hii ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, kazi hizo zimetutoka. Mashamba tuliyaacha, kutoka nje ni kwa kibali, chakula ni cha kugawiwa. Basi tusiitane wavivu. Mwili umeachishwa kazi na haukupewa nyingine.

Akina mama wangali wanabeba kuni na maji. Hao tusiwahubirie kukimbia, tuwapunguzie mzigo. Tunaowahofia ni akina baba. Baba anaamka, anakaa benchini, anacheza dama mpaka giza linaingia. Presha na kisukari hupata nafasi katika mwili wa namna hiyo. Misuli isiyotumika hupungua, miguu hukosa nguvu, na mzee akianguka akavunjika nyonga, huenda asisimame tena.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano, za mwendo unaoongeza pumzi lakini bado unaweza kuzungumza. Kutembea kunatosha. Sasa juu ya njaa: siku ambayo chungu hakikuinjikwa, pumzika. Aliye mgonjwa au aliyedhoofu aulize kwanza zahanati. Lakini njaa si ya kila siku, na benchi ni la kila siku.

Vijana wana mpira, na mwaka 2016 kule Rio de Janeiro tulifurahi timu ya kwanza ya wakimbizi, wanamichezo 10, ilipoingia uwanjani, wakiwemo Wakongo wenzetu Popole Misenga na Yolande Mabika wa judo. Hata hivyo uwanjani wanacheza 22, mamia tunatazama. Na mabinti zetu wanacheza saa ngapi? Tunaomba wenyeviti wawatengee jioni mbili kwa juma, na wavulana wawapishe.

Mzee naye ukimwambia akimbie ataona unamfanyia mzaha. Mpe shughuli: awasindikize wajukuu shuleni, akamtazame mgonjwa kijiji cha pili, awafundishe watoto ngoma za kwetu kwa kuzicheza, si kwa kuzisimulia.

Kamati itaanza Jumatatu saa 12 asubuhi, mbele ya ofisi. Tutazunguka kijiji hadi kijiji, polepole, kandambili zinaruhusiwa. Wacheza dama waje na dama yao, watacheza tukirudi.