Mafunjo Nayo Hunywa: Hesabu ya Uvukizi Katika Bonde la Kagera



Mwaka 2012 Mekonnen na Hoekstra walichapisha hesabu ya vituo 35 vya umeme wa maji duniani. Walichukua maji yote yanayovukizwa kwenye uso wa bwawa, wakayaandika kuwa deni la umeme. Kila ninaposikia mtu akikihamishia kituo cha umeme cha Rusumo, kwenye mto Kagera, hesabu hiyo, najiuliza: kwani kabla ya bwawa bonde lile lilikuwa kavu?

Kanuni ya Penman ya 1948 ya kukadiria uvukizi mnaijua, sitawachosha nayo. Ugomvi wangu uko kwenye kutoa. Mabonde ya mito Ruvubu na Kagera yamejaa mafunjo, nayo mafunjo hutoa mvuke mchana kutwa. Ukiyafunika kwa maji, hasara ya kweli ni uvukizi wa maji wazi ukitoa ule wa mafunjo. Asiyetoa anaitwisha mitambo mzigo ambao kinamasi kimeubeba karne nyingi. Watetezi wa hesabu ile husema wao wanauliza ni nani anayetumia maji leo. Swali hilo ni halali kwa mhasibu. Lakini mtu aishiye chini ya mto anauliza maji yake yamepungua kiasi gani, na hapo hawana jibu.

Niruhusuni nikae kidogo na mtafiti Rijks. Mwaka 1969 alichapisha vipimo vya kinamasi cha mafunjo nchini Uganda. Hakukisia akiwa ofisini: alipima nishati ya jua juu ya mafunjo yenyewe, akatenga inayopasha hewa na inayogeuza maji kuwa mvuke. Akapata karibu asilimia 60 ya uvukizi wa maji wazi. Tuseme maji wazi hupoteza milimita 1,500 kwa mwaka; mafunjo yangepoteza 900. Bwawa basi limeongeza 600, si 1,500! Na Rusumo, megawati 80 za Tanzania, Rwanda na Burundi, hutegemea zaidi mtiririko wa mto kuliko ghala la maji.

Kulisingizia jua si jambo geni. Utotoni Biharamulo nilisikia lambo likikauka, watu wakililaumu jua. Mchungaji mmoja alichomeka ufito majini jioni, akautazama alfajiri. Maji yalikuwa yameshuka usiku, jua halipo: yalikuwa yakipenya chini.

Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa siku moja hivi, na kambi yao ya Benaco, wilayani Ngara, ikategemea bwawa dogo la jirani. Kwa lita 10 kila mmoja, hizo ni mita za ujazo 2,500 kwa siku. Uvukizi wa milimita 5 huchukua mita za ujazo 50 tu kwa hekta. Mhandisi aliyehangaikia jua kwanza angekosea adui.

Ndiyo maana, kabla ya tarakimu yoyote ya Rusumo kuingia kwenye ripoti, nataka vipimo viwili kando ya Ruvubu: kimoja juu ya maji, kingine juu ya mafunjo. Visomwe jioni na alfajiri, masika, kiangazi na vuli, na anayevisoma awe kijana wa Ngara mwenye mshahara.