Sukari Ikipanda Baada ya Chanjo
Papa na mama wa Fungurume mnaoishi na ugonjwa wa sukari, sikilizeni. Tangu chanjo ya Korona ianze nchini Kongo, Aprili 2021, swali hili linawatia wengi hofu: mbona sukari imepanda baada ya sindano? Mwili ukijenga kinga unaweza kupata homa, nayo huamsha homoni zinazopandisha sukari, mara nyingi kwa siku chache tu. Kunywa maji, pima mara kwa mara. Ukikosa hamu ya bukari, usiache insulini kwa uamuzi wako. Muulize muuguzi kipimo. Lakini ukitapika mfululizo, ukihema kwa kasi au akili ikivurugika, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo, uwaambie una sukari.