Safari ya Jangwani na Familia: Yafaayo Kujulikana Kabla ya Kulipa
Mazungumzo na wananchi wa Kata ya Suma, Wilaya ya Rungwe



Huenda baadhi yenu mlishangaa mlipoambiwa kwamba leo tutazungumzia jangwa. Hapa tulipo mvua ni jirani wa kila siku. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hakuna anayehitaji kufundishwa namna ya kuishi nayo. Lakini ofisini kwetu tumeanza kupokea maswali kutoka kwa familia za mikoa yetu zinazotaka kwenda mapumziko Oman, kuona ngamia na vilima vya mchanga, na kulala usiku mmoja chini ya nyota. Nia hiyo ni njema. Mkulima aliyeweka akiba ana haki ya kuwapeleka wanawe mahali wanapopatamani, kama mtu mwingine yeyote. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba akiba hiyo inafika inakokwenda, na kwamba watoto wanarudi salama.

Oman si nchi ngeni kwa Waswahili. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na tangu hapo undugu haukukatika. Familia nyingi zilizowahi kuishi Zanzibar na bara zilikwenda Oman, hasa baada ya mwaka 1970, na hadi leo Kiswahili husikika katika nyumba na masoko ya Maskati. Ukaribu huo ni neema. Lakini una hatari yake, maana mtu anayesema lugha yetu tunamwamini upesi kuliko inavyopasa.

Turuhusuni tuanze na lalamiko moja tulilolipokea. Hatutaitaja familia hiyo, wala aliyewauzia safari. Walikuwa baba, mama na watoto watatu, nao walikuwa wameweka akiba kwa misimu mitatu. Waliahidiwa tiketi, viza na siku saba za kambi jangwani, wakatuma fedha zote kwa mkupuo mmoja kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Hawakupewa mkataba. Siku ya safari walifika uwanja wa ndege Dar es Salaam wakaambiwa kwamba majina yao yaliwahi kuwekewa nafasi, lakini tiketi hazikulipiwa. Simu ya wakala ilikuwa imezimwa. Walipotujia tuliwaomba stakabadhi, nao wakatuonyesha ujumbe wa simu wenye jina la mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Tuliwaelekeza polisi, lakini hadi leo fedha hazijapatikana. Mtoto wao mdogo alituuliza kama jangwa limefungwa. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo tunawaomba, kabla hamjalipa hata shilingi moja, mjiulize maswali manne: tunakwenda lini, tunamlipa nani, bei ina nini ndani yake, na tukipatwa na jambo tutamwendea nani?

Tuanze na wakati. Shule zetu hufunga likizo ndefu mwezi Juni na mwezi Desemba. Mara nyingi matangazo ya bei nafuu ya safari za jangwani huhusu miezi ya Juni hadi Agosti, na watu huyakimbilia. Sababu ya unafuu huo ni joto. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Quriyat, usio mbali na Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi kwa saa 24, usiku ukiwamo. Mtoto aliyezaliwa Suma na kukua katika ukungu hawezi kuzoea joto hilo kwa siku mbili. Kwa familia, wakati unaofaa ni kati ya Novemba na Machi. Kwa hiyo likizo ya Desemba ndiyo inayotufaa. Hata hivyo chukueni makoti, kwa kuwa jangwa likikosa jua hupoa haraka, na usiku wa Desemba mtayahitaji.

Wapo watakaowaambia mwende Salalah, kusini mwa nchi, ambako kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba hushuka ukungu na manyunyu, na milima huwa kijani. Ni kweli, na watu wa nchi za Ghuba humiminika huko wakati huo, bei za vyumba zikapanda. Lakini Salalah iko takriban kilomita 1,000 kutoka Maskati, na mtu wa Rungwe ajiulize vyema kama anataka kulipia ghali ukungu anaoupata bure nyumbani kwake.

Swali la pili ni la nani. Wakala wa safari ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara halali ana jina lililosajiliwa, leseni na mahali anapopatikana. Ombeni kuona leseni yake. Hakikini jina la kampuni kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Lipeni kwa akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni hiyo, si la shemeji wa mwenye kampuni. Daini stakabadhi ya mashine ya kielektroniki kwa kila malipo. Kisha daini mkataba wa maandishi unaosema nini kitatokea safari ikiahirishwa: nani atarudisha fedha, kiasi gani, na ndani ya siku ngapi.

Kuhusu tiketi, kumbukeni jambo moja ambalo lingeiokoa familia tuliyoitaja. Namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita haithibitishi kwamba tiketi imelipiwa. Tiketi iliyolipiwa huwa na namba yake yenyewe ya tarakimu 13. Mkishapewa, ipigieni simu ofisi ya shirika la ndege, wasomeeni namba hiyo, na muulize kama majina yanalingana na ya pasipoti, herufi kwa herufi. Simu ya dakika tano huokoa akiba ya miaka mitatu.

Viza ya Oman hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, na nchi hiyo ina ubalozi Dar es Salaam. Masharti na ada huweza kubadilika, kwa hiyo ulizeni huko, si kwa jirani aliyesafiri mwaka juzi. Hakikisheni pasipoti za wote zina uhai wa zaidi ya miezi sita, na mtoto anayesafiri na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Mkihitajiwa kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, jueni kwamba huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hutambuliwa maisha yote ya mwenye cheti. Anayewaambia kwamba lazima mkinunue upya kila miaka kumi anawadanganya.

Sasa tuje kwenye bei. Fedha ya Oman ni rial, nayo hugawanywa katika baisa 1,000. Ndiyo maana bei huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Mkiona 3.500 msidhani ni elfu tatu na mia tano. Ni rial tatu na nusu. Na rial moja ina thamani ya takriban dola 2.60 za Marekani, kwa hiyo chakula hicho kimoja ni zaidi ya dola 9. Familia ya watu watano ifanye hesabu hiyo ikiwa nyumbani, isingoje kuifanya mezani.

Watalii wengi huenda kwenye mchanga wa Wahiba, ambao siku hizi huitwa pia mchanga wa Sharqiya, takriban kilomita 200 kutoka Maskati. Eneo hilo lina urefu wa kilomita 180 hivi kutoka kaskazini hadi kusini, na vilima vyake hufikia mita 100. Kambi ziko ndani ya mchanga, na gari la kawaida haliwezi kufika. Kwa hiyo ulizeni: je, bei ya kambi ina gari la kututoa mjini na kuturudisha? Ina chakula cha jioni? Ngamia analipiwa mbali? Mtoto analipa nusu au kamili? Majibu yaandikwe. Neno lisiloandikwa hugeuka mnapolifikia.

Msikubali kuendesha wenyewe mchangani kwa sababu tu kukodi gari bila dereva ni nafuu. Mchanga una ujuzi wake: upepo wa matairi hupunguzwa kabla ya kuingia na hujazwa tena wakati wa kutoka, na magari huenda mawili au zaidi ili moja likikwama jingine lilivute. Kila mtu awekewe si chini ya lita nne za maji kwa siku, na ziada ibaki garini. Mtoto akiacha kutoka jasho, akichanganyikiwa au akilegea, huo si uchovu wa safari. Mpelekeni kivulini, mpozeni kwa maji mwilini, na tafuteni tabibu mara moja. Gari likikwama, msiliache kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu.

Na jambo hili litawashangaza watu wa mvua: jangwani maji pia huua. Mabonde makavu, ambayo huko huitwa wadi, huweza kujaa kwa dakika chache kutokana na mvua iliyonyesha milimani mbali na macho yenu. Mwezi Aprili 2024, mafuriko ya ghafla katika mkoa wa Sharqiya Kaskazini yalisomba gari lililobeba wanafunzi, na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Sisi tumezoea mito inayotoa sauti kabla ya kufurika. Wadi haitoi onyo hilo. Mbingu ikifunga, msipige hema ndani ya bonde, wala msimhimize dereva avuke.

Swali la mwisho ni la haki zenu. Tanzania na Oman zote zimeridhia Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu safari za ndege za kimataifa. Mzigo ukiharibika, toeni lalamiko kwa maandishi kwa shirika la ndege ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Mzigo ukichelewa, lalamiko litolewe ndani ya siku 21 tangu mlipokabidhiwa. Usipofika kabisa ndani ya siku 21 tangu siku uliyopaswa kufika, mna haki ya kudai kama mzigo uliopotea. Muda wa kufungua shauri mahakamani ni miaka miwili. Msiondoke uwanjani bila kujaza fomu ya taarifa ya mzigo na kubaki na nakala. Shirika likikaa kimya, Mamlaka ya Usafiri wa Anga hupokea malalamiko ya abiria. Tangazo la uongo au udanganyifu katika biashara hupelekwa Tume ya Ushindani, na utapeli hupelekwa polisi. Milango ni mingi, lakini hakuna unaofunguka vizuri kwa mtu asiye na karatasi mkononi.

Kabla hatujamaliza, tuseme neno zito. Si kila anayewaletea habari za mapumziko Oman anauza mapumziko. Akija mtu akasema atamlipia binti yenu tiketi na viza ya matembezi, akale raha mwezi mmoja, na hataki chochote, muulizeni anafaidika na nini. Wako waliosafirishwa kwa maneno kama hayo, wakafika na kujikuta ni watumishi wa ndani wasio na mkataba, pasipoti zao zikiwa mikononi mwa wengine. Anayetaka kazi nje ya nchi aanzie kwenye ofisi ya serikali inayohusika na huduma za ajira, apate mkataba anaouelewa. Kadhalika, msimbebee mtu mzigo msioufungua wenyewe. Mirungi na bangi ni kosa kubwa huko, na mbele ya sheria mwenye begi ndiye mwenye mzigo.

Ndugu zetu, hatukuja kuwatisha wala kuwazuia. Jangwa ni mahali pazuri, na mtoto aliyekulia katikati ya migomba akisimama juu ya kilima cha mchanga alfajiri atajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kitakachompa. Tunachoomba ni daftari. Andikeni majina, tarehe, namba na kiasi cha fedha tangu siku ya kwanza ya mazungumzo. Mkiwa na shaka, njooni kwetu kabla ya kulipa. Tunapenda zaidi kujibu maswali kumi ya wasafiri kuliko kupokea lalamiko moja la waliobaki uwanjani na mabegi yao.