Saa za Basi na Jiko la Shule
(Mazungumzo yetu na wazazi katika mkutano wa kijiji)



Leo tuna mambo mawili, lakini kwa kweli ni jambo moja: watoto wetu wanarudi nyumbani na njaa.

Basi linaondoka shuleni saa 8 mchana. Saa hiyo maharage bado yanachemka juu ya mafiga. Watoto wa kitongoji cha mbali wafanye nini? Wanapanda basi, chakula wanakiacha.

Tukisogeza basi mpaka saa 9, watakula. Lakini jiko nalo tulitazame. Kwenye mafiga, moto mwingi unapotea pembeni, na moshi unaumiza macho na mapafu ya mpishi. Tena mwaka 2023 Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Sisi tunalisha zaidi ya hao.

Tukiweka jiko la gesi, mtungi ukae nje penye hewa. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango. Na maharage yalowekwe tangu usiku, yataiva upesi.

Sasa tufanye nini? Leo tuchague watu watano. Barua ya kwa mwenye basi tuiandike wenyewe. Kuandika si tunajua? Michango yote iandikwe kwenye daftari, na kila mzazi asome jina lake na kiasi alichotoa. Hapo hakuna wa kudanganywa.

Haya, nani ana swali?