Somo la Tano: Kuchapa Lebo za Anwani

Juma lililopita tulijifunza kuweka orodha ya wanachama katika kompyuta, kila mtu na mstari wake. Leo tutaitumia orodha hiyo kuchapa lebo, yaani vile vijikaratasi vya kunata vinavyobandikwa juu ya bahasha.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikisaidia chama cha ushirika kupeleka mialiko ya mkutano mkuu. Nilitaka majina yafuatane kwa alfabeti, basi nikaipanga safu ya majina peke yake. Majina yakahama, anwani zikabaki pale pale. Mashine ilichapa vizuri sana, nami nikafurahi! Barua zikaenda kwa watu wasio wenyewe, na wazee waliostahili kupiga kura juu ya fedha zao hawakupata habari mpaka mkutano umekwisha. Hapana aliyenitukana, lakini aibu niliipata. Kwa hiyo, mkipanga orodha, chagueni safu zote pamoja.

Tazameni pia nambari za posta. Posta Kuu ya Nairobi ni 00100, lakini kompyuta, ikidhani hiyo ni hesabu, huzitupa sifuri za mbele na kuacha 100. Iambieni safu hiyo kwamba ni ya maandishi, kabla hamjaandika cho chote ndani yake. Sanduku la posta liwe na safu yake, mji safu yake, na heshima ya mtu, kama Bw., Bi. au Mwalimu, nayo safu yake.

Sasa nunueni karatasi za lebo, mkasome pakiti. Aina moja inayotumika sana ina lebo 21 katika karatasi ya A4, tatu kwa upana na saba kwa urefu, na kila lebo ni milimita 63.5 kwa 38.1. Katika programu ya Word, fungueni sehemu iliyoandikwa Mailings, mchague lebo za kipimo hicho hicho, kisha mwoneshe kompyuta faili la orodha yenu. Katika lebo ya kwanza wekeni majina ya safu: heshima na jina juu, S.L.P. chini yake, kisha nambari ya posta na mji. Halafu iamrisheni kompyuta inakili mpango huo katika lebo zote. Wengi husahau hatua hii, wakapata lebo moja iliyojaa na ishirini tupu.

Msichape bado juu ya lebo, kwani ni ghali. Chapeni kwanza karatasi moja ya kawaida, mwiweke juu ya karatasi ya lebo, mzishike pamoja mbele ya dirisha. Maneno yakitoka nje ya mistari, huenda mashine imepunguza ukubwa. Rudisheni kuwa asilimia 100. Na karatasi iliyokwisha banduliwa lebo kadhaa msiirudishe katika mashine ya leza, maana joto lake laweza kuzibandua zilizobaki zikanata ndani.

Nambari za simu na za vitambulisho zibaki katika faili; bahasha hupita mikononi mwa watu wengi, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019.

Kabla ya kubandika, chukueni lebo kumi, mzilinganishe na daftari la chama, jina kwa jina. Juma lijalo, saa kama hii, tutaandika barua yenyewe. Kwaherini.