Reli Iliyotuleta Pamoja

Leo tunaongea juu ya reli, maana wengi wetu tunaokaa Kamina, reli ndiyo iliyotuleta, sisi ama babu zetu.

Tusidhani kwamba zamani nchi hii ilikuwa imefungwa. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kule Upemba, wamechimbua misalaba ya shaba na simbi za Bahari ya Hindi, zilizopita mkono kwa mkono mpaka huku bara. Hata Kiswahili hiki kilifika kwa njia za biashara. Katika njia hizo hizo watu nao waliuzwa, tusifiche.

Kisha Wabelgiji wakaleta reli. Kutoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910, Bukama 1918. Mwaka 1928 ikapita hapa Kamina mpaka Ilebo, na mwaka 1956 tawi la Kabalo likakamilika. Wanaume waliletwa kutoka Kasai na kwingineko, wengine kwa kupenda, wengine kwa nguvu, wajenge reli na kuchimba shaba. Shaba ilikwenda Ulaya, watu wakabaki, wakazaa. Mimi hucheka nikisikia mtu wa mjini akijivuna kwamba yeye si wa kuja. Ardhi ilikuwa na wenyewe, ndiyo, lakini mji huu ulikua kando ya reli.

Mwaka 1992 na 1993, watoto na wajukuu wa wale walioletwa waliambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Wengi walizaliwa Likasi na Kolwezi. Walilala katika vituo vya treni majuma na miezi wakingoja behewa, na watoto walifia pale. Treni zao zilipita hapa kwetu zikielekea Mwene-Ditu. Reli ile ile.

Baba chefu, jamaa inapofika kwako leo na mizigo kichwani, usianze na kabila. Uliza watoto ni wangapi, nani mgonjwa, wanajua kazi gani. Kisha umwite mwenye shamba, mpatane mbele ya mashahidi: watalima wapi, kwa muda gani, na mavuno yatagawanywa namna gani. Mwandike, kila upande ushike karatasi yake. Siku ya kupokea wageni watu hucheka pamoja. Ugomvi unakuja siku ya mavuno.

Na ninyi mliokimbia, msikate mti wala kulima karibu na makaburi bila kuuliza. Mwenyeji naye ana woga wake: anaona watu wamejaa kisimani na bei ya unga wa bukari inapanda. Mwelezeni mnachoweza. Waliotoka Malemba-Nkulu wanajua kukausha samaki. Wengine ni mafundi, wengine walimu.

Kama mmekwisha kuonyeshwa shamba na karatasi haijaandikwa, mwende kwa chefu juma hili, mbele ya mvua. Kwaherini.