Mzee Aliyetafuta Miwani

Leo nawaletea habari za mzee mmoja wa nchi ya Norwei, jina lake Joachim Rønneberg. Alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Ålesund, kando ya bahari, akafariki mwaka 2018 akiwa na miaka 99. Mtauliza: mzee wa Ulaya anatufundisha nini sisi watu wa Kivu, tulioona vita tangu mwaka 1996? Nisikilizeni kwanza.

Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani liliteka Norwei. Mwaka uliofuata kijana huyu alivuka bahari kwa mashua, akafika Scotland, na huko Waingereza wakamfundisha kazi ya vita. Sasa, katika milima ya Norwei, mahali paitwapo Vemork, palikuwa na kiwanda cha maji mazito. Waingereza na Wamarekani waliogopa kwamba Wajerumani watayatumia kutengeneza bomu la atomiki. Bomu hilo si habari ngeni kwetu, maana Wamarekani walipotengeneza lao walitumia urani ya Shinkolobwe, kule Katanga.

Rønneberg alipewa kikosi akiongoze. Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari 1943, watu tisa walipita katika theluji mpaka kiwandani, wakaharibu mitambo kwa baruti. Hawakupiga risasi hata moja. Hakufa mtu.

Hapa tegeni masikio. Ndani ya kiwanda walimkuta mlinzi wa usiku, Mnorwei kama wao. Baruti zimekwisha tegwa, wako karibu kuwasha moto, mlinzi akasema: ngojeni, miwani yangu iko wapi? Wakati ule wa vita kupata miwani mingine ilikuwa shida kubwa. Na wale askari, ambao kila dakika ingeweza kuwaletea kifo, wakaitafuta miwani wakampa. Kisha wakamwambia akimbie.

Jambo lingine: waliingia wamevaa nguo za jeshi la Uingereza. Kwa nini? Ili Wajerumani wajue kwamba ni kazi ya askari, wasije wakalipiza kisasi kwa wanakijiji. Mnaelewa, ndugu zangu? Mpiganaji huyu hakutaka raia alipe deni lake. Sisi tunajua vijiji vilivyochomwa kwa sababu mtu mwenye silaha alipita pale usiku, asubuhi akawa ameondoka, na walioulizwa ni akina mama.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Rønneberg angeweza kukaa akisifiwa maisha yake yote. Lakini mwaka 1948 aliingia kazi ya redio katika mji wake wa Ålesund, akaifanya mpaka mwaka 1988. Hesabuni wenyewe: vita miaka mitano, redio miaka arobaini. Kwa muda mrefu hakupenda hata kusimulia mambo ya vita. Alipokuwa mtu mzima ndipo alipoanza kuwaeleza vijana, si kwa kujisifu, bali kuwaonya kwamba amani na uhuru vinaweza kupotea watu wakiacha kuvilinda.

Wewe kijana uliyeacha bunduki, au unayefikiri kuiacha, usiseme, "Sijui kazi nyingine." Hata huyu alianza vita akiwa kijana kama wewe. Ulijifunza kutembea usiku, kuvumilia njaa, kutunza wenzako. Nguvu hizo zinaweza kulima, kujenga, kufundisha.

Nanyi mnaompokea huko kijijini, msimwite kila siku kwa jina la porini. Rønneberg alipata watu waliompa kazi na kumwachia nafasi ya kuwa mtu mwingine. Mtu asiyepewa jembe hukumbuka bunduki. Ninajua si rahisi, hasa kwa yule aliyefiwa. Aliyetenda maovu ajibu mbele ya sheria. Lakini mtoto wa jirani anayerudi mikono mitupu, anayetaka kulima, tumfungulie mlango.

Jioni ya leo, mkikaa kwenye moto, ulizaneni: katika mtaa wetu ni nani aliyerudi, naye amepewa kazi gani?